Mpelelezi Aliyengoja Mchoraji Wake Atoke Vitani

Juni 2, 1940, magazeti kadhaa ya Jumapili nchini Marekani yalitoka na kijarida cha katuni cha kurasa 16. Kisa kikuu kilikuwa cha mpelelezi Denny Colt, ambaye watu wanadhani amekufa, kumbe amejificha kwenye makaburi ya Wildwood na kujiita The Spirit. Mchoraji wake, Will Eisner wa New York, alikuwa na miaka 23. Mpelelezi alivaa suti, tai na kofia. Kijibarakoa cha machoni kiliongezwa kuwaridhisha wafanyabiashara waliotaka shujaa mwenye vazi maalumu.

Mwaka 1942 jeshi likamchukua Eisner. Kazi ikashikwa na wengine, akiwemo Lou Fine, fundi wa mstari kwelikweli. Hata hivyo, visa vya miaka hiyo vimepooza. Mikono ipo, jicho halipo.

Huko jeshini Eisner alichora katuni za kuwafundisha askari kutunza magari, na mmoja wa wahusika wake alikuwa Joe Dope, askari mzembe anayeharibu kila anachogusa. Mchoro wa namna hiyo hauna mchezo: asipouelewa askari, gari linakufa.

Aliporudi mwishoni mwa 1945, ukurasa wa kwanza wa kila kisa ukawa uwanja wake. Herufi za jina la mpelelezi ziligeuka majengo, au karatasi chakavu zinazopeperushwa barabarani. Mvua ilinyesha kwa michirizi mizito ya wino, giza likameza nusu ya uso wa mtu. Mpelelezi mwenyewe mara nyingine alisogezwa pembeni. Katika kisa cha Septemba 1948, Gerhard Shnobble, mtu mnyonge mwenye uwezo wa kuruka angani, anajirusha kutoka juu ya ghorofa ili dunia imwone. Risasi ya majambazi wanaopambana na The Spirit inampata huko huko hewani, anaanguka, na hakuna aliyejua kwamba aliruka.

Doa lipo, na ni kubwa. Ebony White, kijana Mweusi msaidizi wa mpelelezi, alichorwa kwa midomo mikubwa na macho ya kutumbua, kejeli ya kibaguzi iliyozoeleka katika katuni za wakati ule. Umahiri wa brashi hauifuti.

Mfululizo ulikoma mwaka 1952. Anayetaka kuusoma aanze na visa vya 1946, vya wakati wa vita avipitie baadaye.