Kifaranga aliyekwama: historia fupi ya mashine ya kuangua

Hapa Eastlands, kuanzia Umoja hadi Kayole na Dandora, ukiona balbu inawaka mchana kutwa ndani ya sanduku la plaiwudi, usidhani mwenyewe amesahau kuizima. Humo mna mayai. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini visanduku hivi vya mafundi wa jua kali vinanivutia sana, kwa sababu vinajibu swali la zaidi ya miaka 2,000: utamwondoaje mama kuku na bado upate kifaranga?

Wamisri walitangulia. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri mayai yaliangulwa kwa kufukiwa kwenye samadi. Baadaye zikaja tanuri za matofali ya udongo zilizobeba maelfu ya mayai. Kipimajoto hakikuwepo, fundi aliligusisha yai kwenye kope ya jicho, akajua kama joto linatosha. Mwaka 1749 Mfaransa Réaumur alichapisha kitabu kuhusu uanguaji akitumia kipimajoto. Kisha mwaka 1881, huko London, Charles Hearson akabuni kidhibiti chenye kibweta cha metali kilichotiwa kimiminiko. Joto likizidi, kimiminiko hugeuka mvuke, kibweta hufura na kusukuma mkono unaofungua kifuniko ili joto la taa litoke. Msomaji mwandishi wa programu, umeshaitambua: KAMA joto limezidi, punguza. Kidhibiti cha kielektroniki cha leo kinafanya yaleyale.

Basi joto likapata dawa: nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Labda stima ipotee, kama Juni 7, 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme. Lakini hata stima isipopotea, mbona vifaranga bado hufia ndani ya ganda siku ya mwisho?

Mara nyingi jibu ni maji. Ganda lina vitundu, na yai linapaswa kupoteza takriban asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Likipoteza kidogo mno, nafasi ya hewa huwa finyu na kifaranga huzama katika majimaji. Likipoteza kupita kiasi, utando hukauka na kumbana. Sasa kumbuka Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hivyo yai hukauka upesi kuliko Mombasa kwa unyevu uleule. Namba za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi tambarare usizinakili tu. Pima mayai kwa mizani. Yakikauka mbio, ongeza maji kwenye beseni.

Na aliyekwama tayari? Akishatoboa tundu la kwanza anaweza kukaa saa 24 kimya. Hajazembea. Mapafu yanaanza kazi, damu ya kwenye utando inarudi mwilini, kiini kinaingia tumboni. Ukimbandua wakati huo unakata mishipa, atavuja damu hadi afe. Kwa hivyo ngoja, wala usifungue mashine kila dakika, unyevu utatoroka na wenzake watakwama pia.

Muda huo ukipita na utando umekauka, ulowanishe kwa pamba yenye maji vuguvugu bila kuziba pua zake. Bandua vipande vidogo kuanzia kwenye tundu lake, ukizunguka upande mnene wa yai. Ukiona damu, acha, mrudishe, subiri saa kadhaa. Kutoka kabisa mwachie mwenyewe.

Kwa anayeuza vifaranga ili alipe kodi ya nyumba, watano waliokwama kati ya thelathini huenda ndio faida yote. Wengi wa hao huokolewa na mizani kabla ya siku ya 18. Vidole ni vya wachache wanaobaki.