Kuzidisha Mzigo Kwenye Pikapu Na Tela: Hukumu Zake Na Tahadhari Kwa Wanaosafiri Njia Ya Tabora



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu Tabora. Undugu huo wengi wameurithi kutoka zama za misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji. Hadi leo vijana wetu hufuata huko mchele, asali na mbao, na wazee huenda kwa harusi na kwa mazishi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini ukishuka stesheni na unataka kufika Sikonge, Urambo, Kaliua au vijiji vya Uyui kama Tura na Kigwa, mara nyingi utapanda gari, na mara nyingi gari hilo ni pikapu iliyojaa kupita kiasi, pengine na tela nyuma yake.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa pande zake mbili, hukumu na ufundi, kwa sababu swali la nani anabeba dhima ya mzigo uliozidi halijibiki bila kujua mzigo uliozidi ni upi.

Mzigo una kipimo tangu zamani

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akibeba kama frasila 2, yaani takriban kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mizigo ilipimwa na kufungwa pwani kabla msafara haujaondoka. Wapagazi hawa walikuwa watu wa kazi wanaojua haki yao: mzigo ukizidi kipimo, waligoma au waliuacha njiani. Richard Burton aliyeondoka pwani Juni 1857 hakufika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ila Novemba, na vitabu vya wasafiri wa zama zile vimejaa malalamiko juu ya wapagazi "wakaidi". Sisi tunaona ukaidi huo ulikuwa na akili, kwani mwenye bega ndiye anayejua kiasi cha bega lake. Gari halina ulimi wa kugoma.

Waliyoyasema Mafaqihi

Wako wanaodhani kuwa suala la uzito wa mzigo ni la askari wa barabarani tu. Sivyo. Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj, kitabu kilichosomeshwa kizazi baada ya kizazi katika madarasa ya pwani yetu, amelizungumza katika mlango wa ijara. Mfano wake ni wa mtu aliyekodi mnyama abebe 100, naye akambebesha 110. Hukumu katika madhehebu ya Shafi'iy ni kuwa atalipa ujira wa kawaida wa ile ziada. Mnyama akifa kwa sababu yake, na mwenye mnyama hakuwepo, aliyezidisha atamlipa mnyama mzima. Ikiwa mwenyewe alikuwepo, atalipa sehemu inayolingana na ziada.

Kisha linakuja suala ambalo tunaomba wafanyabiashara walisome kwa utulivu. Mtu amemkabidhi mwenye mnyama mzigo wa 110 huku mapatano yakiwa 100, na mwenye mnyama akaupakia bila kujua. Hapo dhima ni ya mwenye mzigo, kwa kauli iliyotegemewa ya madhehebu. Hii ndiyo lumbesa! Sheria ya vipimo ya Tanzania haikubali gunia la mazao lipite kilo 100, na bado gunia hufungwa likawekewa kichwa cha nyavu juu mpaka likafika 130 na zaidi. Dereva anahesabu magunia 10 na kudhani amepakia tani 1, kumbe yuko kwenye tani 1 na kilo 300. Mkulima amedhulumiwa kwenye bei, na dereva naye kadanganywa kwenye uzito. Jambo la pili hili husahauliwa.

Na kabla ya ijara kuna huruma. Katika Sunan Abi Daawuud imepokewa kwa 'Abdullaah bin Ja'far kisa cha ngamia aliyemlilia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), naye akamkumbusha mwenyewe amche Allaah kwa kumtaabisha na kumwacha na njaa. Hiyo ni haki ya mnyama. Aliye kwenye bodi ya pikapu, juu ya magunia, ni binaadamu.

Pikapu inabeba kiasi gani

Pikapu za kawaida, kama Toyota Hilux, zimeundwa kubeba kama tani 1, kutegemea toleo, na ndani ya hiyo wamo abiria na vitu vyote vilivyoongezwa. Kile kigari kidogo cha Suzuki Carry tunachokiita kirikuu, huko Japani kilikotoka huruhusiwa kilo 350 tu. Sasa pigeni hesabu. Mifuko 20 ya saruji ni tani 1. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani 1 bila kuhesabu tangi lenyewe. Mchanga uliolowa ni mzito zaidi ya maji kwa ujazo uleule, kwa hiyo bodi iliyojaa mchanga mpaka ukingoni imeshavuka kipimo zamani.

Mafundi wengi huongeza majani ya springi ili gari "lisilale". Gari halilali, kweli, lakini ekseli ni ileile, breki ni zilezile na matairi ni yaleyale. Kilichoondoka ni ile dalili tu ya kulala iliyokuwa ikimwonya dereva. Uzito ukirundikana nyuma, pua ya gari hunyanyuka na usukani huwa mwepesi, yaani matairi ya mbele hayashiki barabara vizuri wakati wa kukata kona. Mzigo ukiwa mrefu kwenda juu, gari hupinduka kwenye kona ambayo tupu lingeipita salama. Tairi lenye upepo mdogo chini ya uzito mkubwa hupata joto na kupasuka, na safari za bara ni ndefu, jua ni kali. Na mwendo: kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80, nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki huongezeka karibu kwa asilimia 80, si kwa theluthi kama wengi wanavyodhani.

Tela lina mambo yake. Uzito mwingi ukiwekwa nyuma ya ekseli ya tela, litaanza kuyumba mithili ya mkia, na kuyumba huko huzidi kadiri mwendo unavyozidi. Kipimo kinachotumiwa ni kuacha kama asilimia 10 ya uzito wa tela ikae juu ya ndoano. Tela likianza kuyumba, dereva aachie mafuta polepole na ashike usukani sawa. Asikanyage breki kwa nguvu wala asikimbie ili "kulinyoosha". Ndoano ilingane na kikombe chake, minyororo miwili ya akiba ipishane chini yake, na taa za nyuma ziwake. Tela lililoungwa na fundi wa mtaani bila breki zake lenyewe lisipewe mzigo mzito kabisa, kwa sababu gari la mbele ndilo litakalosimamisha vyote viwili.

Mbona mizani haiwakamati?

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo, basi hupita pembeni ya mizani bila kupimwa. Kutopimwa si ruhusa. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika azimio lake Na. 71 lililopitishwa Brunei Juni 1993, imeamua kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na shari'ah ni wajibu, na kwamba dereva anadhaminishwa madhara anayoyasababisha kwa wengine, isipokuwa likiwa ni jambo lisiloweza kuzuilika, au limesababishwa na aliyedhurika, au na mtu wa tatu. Sababu zikiwa nyingi, kila mmoja anabeba kwa kiasi cha sehemu yake. Kwa hiyo tajiri anayemwambia dereva "pakia, utafika" ana sehemu yake katika dhima.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya chombo kuzidishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na zaidi ya watu 2,000 ilhali kiwango chake kilikuwa kama 600.

Mtu akifa

Kuua kwa kukosea kumebainishwa katika Suurat An-Nisaa, Aayah ya 92. Kuna diya kwa warithi, nao wanaweza kusamehe, na kuna kafara juu ya muuaji mwenyewe: kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Warithi wakisamehe diya, kafara haiondoki, kwani hiyo ni haki ya Allaah. Waliokufa wakiwa wengi, kwa kauli ya Jumhuur kila nafsi ina kafara yake. Na katika kauli yenye nguvu kwa Mashafi'iy, hapa hakuna kulisha masikini sitini kama ilivyo katika dhihaar. Anayesema "nitalisha tu yaishe" aulize kwanza.

Abiria aliyepanda juu ya mzigo kwa hiari yake, akijua hatari, ana lawama yake, na Qaadhi ataizingatia. Lakini hilo halimtoi dereva aliyempokea nauli. Mtoto asiyebaleghe hana lawama yoyote, na mzazi aliyempandisha aulizwe.

Wa-Allaahu A'lam.