Kitabu cha Kwanza cha Mtoto wa Buruburu

Ukipata nafasi, msomaji, ingia nyumba yo yote ya Buruburu ambamo amezaliwa mtoto mwaka huu, uulize kitabu cha kwanza cha mtoto huyo kiko wapi. Huenda mama akacheka. Kisha atafungua kabati atoe kijitabu cha kliniki, ambamo huandikwa uzito wa mtoto na chanjo alizochanjwa. Kijitabu hicho kina jina la mtoto, habari zake zote zimo, nacho hutunzwa kuliko kitabu kingine cho chote cha nyumba hiyo. Lakini mwenyewe haruhusiwi kukigusa, maana atakitia kinywani.

Nakuomba ulitafakari jambo hili pamoja nami. Twasikia kila siku kwamba watoto wetu hawapendi kusoma, na aghalabu lawama humwangukia mtoto, au mwalimu wake, au siku hizi simu ya mkononi. Mimi naona chanzo ni cha kale zaidi. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, mtoto mchanga na kitabu waliwekwa mbali kwa muda mrefu, na umbali huo ulikuwa kazi ya watu.

Serikali ya kikoloni ilipojenga makao ya Waafrika upande huu wa mji haikumfikiria mtoto hata kidogo. Ilitaka mikono ya kufanya kazi. Mfanyakazi alihesabiwa kuwa mseja, hata kama alikuwa na mke na watoto watano kijijini. Akapewa nafasi ya kitanda katika chumba alichokaa pamoja na wenziwe, na mshahara ukapimwa kwa kipimo hicho hicho cha mtu mmoja. Mke na watoto walibaki shambani. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kupangwa kwa ajili ya jamaa nzima, baba, mama na watoto, na ukumbi wao katikati. Lakini hata baada ya hapo makao hayakuwa na uthabiti. Mwezi wa Aprili mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi yaliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil. Maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakatiwa vizuizini, na wake na watoto wengi wakarudishwa vijijini. Jamaa isiyojua kama italala pale pale kesho haipigi misumari ya rafu ya vitabu ukutani.

Sasa tazama upande wa vitabu wenyewe. Mwaka 1931 ilifunguliwa katikati ya mji Maktaba ya McMillan, nyumba ya fahari yenye nguzo ndefu na sanamu za simba mlangoni, karibu na Msikiti wa Jamia. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir William Northrup McMillan, na fedha nyingine zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Ingali imesimama, nenda ukaione. Lakini ujue ya kuwa hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Karani wa Kaloleni aliyejua kusoma vizuri aliweza kutembea kwa miguu hadi pale, akawatazama wale simba, akarudi nyumbani. Fanya hesabu mwenyewe: tangu 1931 hadi 1958 ni miaka 27. Mtoto aliyezaliwa Pumwani mwaka maktaba ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima, labda mwenye watoto wake mwenyewe, kabla mlango ule haujamhusu. Angewapakata watoto hao na kuwasomea nini, yeye ambaye hakupata kupakatwa na kusomewa?

Sisemi kwamba hapakufanyika jema lo lote. Mwaka 1948 ilianzishwa hapa Nairobi East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zetu, ikavipeleka mbali ndani ya masanduku na kwa njia ya posta. Ilikuwa kazi kubwa, nayo yastahili sifa kuliko inavyopewa. Hata hivyo waliokusudiwa zaidi walikuwa watu wazima waliokwisha jifunza kusoma, na watoto wa shule. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya maktaba za taifa, ambayo leo ina tawi lake Buruburu. Halmashauri ya Jiji nayo ikawa na maktaba zake Kaloleni na Makadara, mwendo mfupi kutoka hapa. Hizo mbili zilichakaa sana kwa miaka mingi, mpaka Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoungana na serikali ya kaunti kuzikarabati.

Buruburu yenyewe ni mtaa wa baada ya uhuru. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukaendelea kwa awamu tano hadi miaka ya 1980, kwa msaada wa mtaji wa shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola. Wanunuzi walikuwa walimu, makarani, watumishi wa serikali na wa mabenki, watu wa mshahara wa wastani, waliolipa mkopo kidogo kidogo kwa miaka mingi. Nyumba ilikuwa na sebule, jiko, vyumba vya kulala na kiwanja kidogo mbele. Kwa babu aliyelala katika nafasi ya kitanda, nyumba ya namna hii ilikuwa kama ndoto: mtoto mchanga sasa ana mahali pake mjini, na mzazi wake anajua kusoma. Ungedhani kwamba siku hiyo kitabu na mtoto walikutana.

Walikutana, lakini kwa kuchelewa, na si kwa urafiki. Kitabu kiliingia Buruburu kama chombo cha mtihani. Kulikuwa na mtihani wa CPE mwishoni mwa shule ya msingi, na tangu mwaka 1985 ukawa KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mzazi aliyehangaika kulipa mkopo alijua vema kwamba karatasi ile ndiyo itakayoamua mwanawe ataendelea au ataishia hapo. Basi akanunua vitabu vya kiada, akavifunika kwa karatasi ya hudhurungi, akaonya visichafuliwe. Hadi mtoto alipotimiza miaka sita hakupata kukigusa kitabu bila kukemewa. Na baada ya hapo alikemewa akikiacha. Simlaumu mzazi huyo. Lakini tukubali kwamba ni njia ngeni ya kumjulisha mtu kwa rafiki.

Pengine utaniambia kwamba kumsomea mtoto nyumbani ni desturi ya kigeni. Kumbuka basi pwani yetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi mrefu kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, akamwita akae karibu na kuandika. Binti huyo hakuwa mchanga tena, lakini hapo waona kwamba maandishi yalikuwa kitu cha mama na mwana, ndani ya nyumba, karne nzima kabla ya mlango wa McMillan kufunguliwa kwa Waafrika. Na huko bara, nyimbo za kubembeleza, vitendawili na hadithi za jioni vilikuwa ndiyo maktaba ya mtoto. Kilichokosekana kilikuwa karatasi tu.

Tena utaniuliza: mtoto asiyejua hata kusema atasomaje? Hasomi, hujulishwa. Kabla hajazaliwa amekwisha isikia sauti ya mama yake. Katika wiki zake za kwanza macho yake huona vema kitu kilicho karibu, kiasi cha sentimita 20 hadi 30, nao ndio umbali wa uso wa anayempakata. Picha yenye weusi na weupe uliokolea humvuta. Akiwa na miezi sita hivi hukitafuna kitabu, na huo si ukorofi, ni namna yake ya kukikagua. Akikaribia mwaka mmoja huanza kunyosha kidole kwenye picha, nawe ukitaja jina la kitu hicho ameongeza neno. Ndiyo maana vitabu vya umri huo hufanywa kwa kurasa ngumu. Huko Boston, Marekani, madaktari walianza mwaka 1989 kuwapa watoto vitabu walipoletwa hospitali kupimwa. Na Birmingham, Uingereza, mwaka 1992, jamaa 300 zenye watoto wachanga zilipewa vitabu kwa mpango uliotiwa jina la Bookstart. Hebu liangalie hilo: kitabu kilipita mlango wa kliniki, mlango ule ule ambao sisi hupewa kijitabu cha uzito na chanjo. Mlango tunao, na mama zetu huupita kila mwezi.

Bei ni kikwazo, sikatai, na sheria ya mwaka 2013 ilipotia kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu haikumsaidia mtu. Lakini picha na maneno haviko vitabuni tu. Mtoto wa Buruburu hubebwa mgongoni kando ya matatu za nambari 58, zilizochorwa na kuandikwa kila upande, na nadhani wengi wetu tulisoma matatu kabla hatujasoma kitabu.

Jioni moja nilipita katika ua mmoja wa awamu ya tatu, nikamkuta msichana wa kidato cha pili ameketi kizingitini. Alikuwa na mtihani asubuhi na ndugu yake mchanga mapajani, kwa kuwa mama alikuwa bado yuko kazini. Alikuwa akisoma kitabu chake cha jiografia kwa sauti, na mtoto alimtazama mdomo. Walipofika kwenye ramani, mtoto akaipiga kwa kiganja, pap, juu ya Ziwa Viktoria. Msichana akasita. Akasema, “Hilo ni ziwa. Maji.” Mtoto akapiga tena. Akasema tena, “Maji,” akarudi mwanzo wa ukurasa, na ukurasa ulikuwa umelowa mate pembeni.