Mdondo, Duka la Dawa na Dola: Historia ya Kuku wa Uani

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini, akaniamkia, kisha akaomba nimwandikie barua ya kuongezewa muda wa kulipa ada. Ada hiyo ilitegemea kuku 80 wa mama yake huko Mbagala, na kuku hao walikuwa wamekufa karibu wote ndani ya siku sita. Nilimuuliza waliumwaje. "Walianza kuzubaa, Dokta. Wakaharisha kijani, wakawa wanahema midomo wazi, halafu shingo zikapinda." Nikamuuliza walipewa nini. Akanionesha picha kwenye simu: pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini, iliyonunuliwa Kariakoo.

Mimi ni daktari wa historia, si wa mifugo, na cheo hicho kimewahi kuniletea watu wenye mbuzi wagonjwa. Hata hivyo, dalili alizozieleza pamoja na unga ule ninavifahamu tangu nikiwa na umri wa miaka saba.

Mwaka 1988 mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Posta. Mshahara wake, kama wa watumishi wengi wa wakati ule, ulikwisha kabla ya tarehe 10. Uani kwetu Ilala kulikuwa na banda la mabati na kuku wapatao 60 wa mayai. Asubuhi alibeba trei za mayai kwenye daladala, akawauzia wenzake ofisini, na wakubwa wake walikuwa wateja wake wazuri. Kuku walipoanza kupinda shingo alikwenda Kariakoo jioni ileile, akasimama mbele ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. "Mama, wawekee hii kwenye maji, kesho wameamka," muuzaji alimwambia. Hawakuamka. Walibaki watatu, mmoja akiwa kiwete.

Kwa miaka mingi nilidhani kisa kile kilikuwa bahati mbaya ya nyumba yetu. Baadaye, nilipoanza kusoma juu ya uchumi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1980, nilitambua kwamba banda la mama lilikuwa taasisi. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake *Changing the Rules* cha mwaka 1997, ameeleza kwa kina jinsi wakazi wa jiji hili walivyoishi kwa miradi baada ya mshahara halali kuacha kuwa mshahara. Kuku walikuwa miongoni mwa miradi hiyo. Wahadhiri walifuga, makatibu walifuga, wauguzi walifuga. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, na mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi ikaanza kuwasaka waliohesabiwa kuwa wazururaji. Katikati ya makatazo hayo, kuku alipita. Alikuwa mdogo mno kuitwa ubepari, na mara nyingi aliandikwa jina la mke. Azimio la Zanzibar lilipolegeza miiko mwaka 1991, banda lilikuwa limekwisha kuilisha familia ya mtumishi wa umma kwa karibu muongo mzima.

Dola ilivumilia kuku pasipo kumtambua. Ilikuwa dola ya ng'ombe tangu kuzaliwa kwake. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuvunja jamii nzima za wafugaji. Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo Mpwapwa, na Waingereza waliporithi nchi waliendeleza mkondo uleule, kwa sababu ng'ombe alikuwa nyama, ngozi na mapato. Kuku alikuwa mali ya mwanamke, na mali ya mwanamke haikuwa na safu yake katika daftari la mkoloni. Sisi tulirithi daftari na safu zake. Sotoka ilitangazwa duniani kote kuwa imetokomezwa mwaka 2011, na tulistahili kushangilia. Ugonjwa uliomaliza kuku wa mama yangu bado unaua kila mwaka.

Ugonjwa huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Jina lake la kimataifa ni Newcastle, kwa kuwa ulielezwa katika mji huo wa Uingereza mwaka 1927, mwaka mmoja baada ya kuonekana pia kisiwani Java. Katika miaka ya 1930 ulikwisha kuripotiwa Mombasa. Husafiri na kuku aliye hai, kinyesi chake, matenga na viatu vya mnunuzi. Fikiria basi safari ya kuku wa kienyeji anayeletwa kutoka Singida au Dodoma hadi masoko ya Dar es Salaam, Kisutu ikiwa mojawapo, hatua chache tu kutoka maofisi ya Posta. Tenga huchanganya kuku wa vijiji kadhaa. Wasionunuliwa hurudi uani kwa mtu, na tenga tupu hurudi kijijini bila kuoshwa. Mfugaji naye, akiona kuku wawili wamezubaa, hukimbilia kuwauza waliosalia kabla hawajafa, na hivyo huusambaza ugonjwa kwa bei ya hasara. Simlaumu, ndivyo afanyavyo kila mwenye akiba inayooza.

Jambo ambalo mama hakuambiwa mwaka 1988, na ambalo mama wa mwanafunzi wangu hakuambiwa mwaka huu, ni kwamba mdondo husababishwa na kirusi. Oksitetrasaiklini huzuia bakteria. Haikifanyi kirusi lolote. Ukishaona shingo zimepinda, hakuna unga wala sindano itakayowarudisha. Kilichobaki ni kuwatenga wazima, kufukia au kuchoma mizoga, kusafisha banda, na kutouza hata mmoja.

Muuzaji wa dukani si tapeli, au tuseme si tapeli siku zote. Magonjwa ya kuku yanafanana. Kinyesi cha kijani au cha njano huonekana pia katika homa ya matumbo ya kuku, ambayo ni ya bakteria, hupitishwa hata ndani ya yai, na huwapausha kuku vilemba. Hiyo dawa huipunguza, ijapokuwa kuku aliyepona anaweza kubaki akibeba vimelea. Uso uliovimba na makamasi yenye harufu mbaya ni mafua ya kuku, nayo ni ya bakteria. Kinyesi chenye damu kwa vifaranga waliolala kwenye matandiko yenye unyevu ni kuhara damu; kinatakiwa kiwe amproliamu au dawa ya salfa, pamoja na randa kavu. Gumboro, iliyopewa jina la eneo fulani la Delaware, Marekani, huwapata zaidi vifaranga wa wiki tatu hadi sita, huwaharisha majimaji meupe na kuvunja kinga yao ya mwili. Ni ya kirusi, haina dawa, ina chanjo. Ndui, yenye vipele na magamba kwenye kilemba na kando ya macho, huenezwa na mbu, nayo ni ya kirusi. Utasafisha vidonda kwa ayodini na kuwapa kuku vitamini, lakini kinga ni chanjo ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa.

Mwenye bata mzinga ana shaka ya ziada. Bata mzinga hupata mdondo na ndui kama kuku, ila kuna ugonjwa unaomwua yeye huku kuku akionekana mzima: ule unaoshambulia ini na utumbo, ukamtoa kinyesi cha njano ya kiberiti, na ambao Waingereza huuita kichwa cheusi ingawa kichwa mara nyingi hakigeuki rangi. Theobald Smith alikieleza kimelea chake mwaka 1895. Husafiri ndani ya mayai ya minyoo wa kuku, na mayai hayo hukaa ardhini muda mrefu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya bata mzinga ni uzio: asifugwe ua mmoja na kuku, wala asipelekwe mahali walipokuwa kuku mwaka jana.

Kutofautisha haya yote kunahitaji mtu anayempasua kuku aliyekufa na kutazama ini na utumbo. Tangu mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990, huduma za mifugo ziliachiwa soko kwa sehemu kubwa, na maofisa ugani wakakabidhiwa halmashauri zisizo na mafuta ya pikipiki. Daktari akageuka kaunta. Kaunta huuza kilichopo rafuni, na rafu haijazi chanjo inayodai ubaridi bali unga unaokaa miaka miwili. Matokeo yake tunayala: mayai ya kuku anayenyweshwa viuavijasumu kila akikohoa, yanayouzwa kabla ya siku za kusubiri kuisha, na bakteria wanaojifunza kuzishinda dawa tunazozitegemea hospitalini.

Dola hiyohiyo, ikitaka, humwona kuku vizuri sana. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya walichomwa moto Namanga, kwa katazo lililotokana na hofu ya mafua ya ndege. Kuku akivuka mpaka wa nchi anakuwa suala la usalama wa taifa. Akifa Mbagala anakuwa suala la mama fulani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba suluhisho la mdondo tunalo, tena linatengenezwa na serikali. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliandaa kirusi dhaifu kiitwacho I-2 kinachostahimili joto, wakakitoa bure kwa nchi maskini zikitengenezee zenyewe chanjo. Maabara ya mifugo ya Temeke ilikichukua, ikakijaribu hapahapa, na chanjo ikatoka. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile, kila baada ya miezi mitatu. Huvumilia safari bila friji kuliko chanjo za kawaida, ingawa haipendi jua. Kutoka Temeke hadi kaunta ambako mama alinunua unga ni mwendo wa daladala moja.

Kwa nini basi haifiki uani? Nimewauliza wafugaji, na jibu ninalolisikia zaidi si bei. Ni chupa. Chupa moja ina dozi mia kadhaa, na ikishafunguliwa na kuchanganywa hudumu siku mbili au tatu kwa ubora. Mwenye kuku 12 haoni sababu ya kununua dozi za kuku wa mtaa mzima, na akichanja wake peke yake, wa jirani wataendelea kuuleta ugonjwa. Chanjo hii ilitengenezwa kwa watu wanaofanya jambo pamoja kwa siku moja. Nchi hii iliwahi kuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani ana mgeni, nani hajalipa mchango, nani amekosa mkutano. Nimesoma mengi juu ya namna mfumo ule ulivyotumika kuwachunguza watu. Sijasoma popote kwamba uliwahi kupangiwa ratiba ya kuchanja kuku, ilhali ungeweza kuimaliza kazi kabla ya chai ya saa nne.

Niliiandika ile barua ya ada. Kisha nilimwambia mwanafunzi asinunue vifaranga wapya kwa sasa. Banda lifagiliwe, lipuliziwe dawa ya kuua vimelea, likae tupu wiki kadhaa. Na kabla ya kuwaingiza wengine, mama yake apite nyumba hadi nyumba kuwahesabu kuku wa majirani. Jumamosi iliyopita alinitumia ujumbe: nyumba 11, kuku 214, na majirani wawili waliokataa. Mmoja wao anasema ana unga wake kutoka Kariakoo, haujawahi kumwangusha.