Leseni kwa watu wa kompyuta: hii maneno ilianzia wapi?

1/ Kila baada ya muda mtu husimama kwa mkutano aseme watu wa kompyuta wasajiliwe kama mawakili. Upande wa pili unaruka: mnataka kuua kazi za vijana! Wote wanachanganya vitu viwili, chama cha wataalamu na bodi ya leseni. Twende polepole.

2/ Chama cha wataalamu ni cha hiari. Marekani walianzisha ACM mwaka 1947, Uingereza wakaanzisha BCS 1957. Kazi yao ilikuwa kukutana, kuchapisha utafiti, kufundishana, na baadaye kuandika kanuni za maadili. BCS ilipata hati ya kifalme 1984. Lakini hadi leo unaweza kuandika programu London bila kuwa mwanachama, na hakuna atakayekushika.

3/ Bodi ya leseni ina sheria nyuma yake. Hapa kwetu chama cha mawakili kina sheria yake tangu 1949. Mainjinia wakapata sheria ya usajili 1969. Sababu inaeleweka: daraja likianguka watu wanakufa, na lazima kuwe na mtu wa kuulizwa.

4/ Je, programu ni kama daraja? Jimbo la Texas lilisema ndiyo, likaanza kutoa leseni 1998. Mwaka uliofuata ACM, chama chenyewe cha wataalamu, kikapinga. Kilisema ujuzi huu bado haujakomaa kiasi cha kuufungia kwa mtihani. Mtihani wa kitaifa ulikuja 2013, ukafutwa 2019. Kwa miaka yote hiyo waliokuwa wameufanya ni watu 81 tu. Themanini na mmoja, Marekani nzima!

5/ Sasa Kenya. Mswada wa kwanza ulikuja 2016: usajili, leseni ya kulipia kila mwaka, masharti ya masomo, na adhabu kwa asiyesajiliwa. Hata wizara husika iliupinga. Ukazimika, ukarudi. Juni 2022 ukapita bungeni, lakini rais wa wakati huo akakataa kuutia sahihi.

6/ Kwa nini kelele nyingi? Kumbukeni Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi. Wanablogu na wanaprogramu wachache waliunda Ushahidi kwa siku chache tu, ramani ya kuonyesha ghasia ziko wapi. Hakuna aliyengoja kikao cha bodi. Msichana aliyejifunza kwa simu kule Githurai anauliza: mimi nitapitia mlango gani?

7/ Lakini tusiwadharau wanaotaka usajili. Mfumo wa hospitali ukianguka, au data ya wagonjwa ikivuja, nani anajibu? Sheria ya kulinda data ya 2019 inabana shirika linaloshika hiyo data. Sawa. Na yule kijana aliyemwambia bosi "hii haijakamilika, tusiiwashe", akafutwa, nani anasimama naye?

8/ Hapo ndipo chama kina kazi, na leseni haimsaidii. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 waliokuwa wakichuja picha na video za mitandao na kufundisha akili unde waliamua kuunda chama chao cha wafanyakazi. Hawakuomba cheti. Walitaka malipo ya haki na matibabu ya akili kwa yale waliyolazimika kutazama. Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa haki hiyo.

9/ Kwa hivyo mswada ukirudi (na hii imezoea kurudi), msiulize tu "unaunga ama unapinga?" Ulizeni maswali matatu. Ada inaenda wapi? Aliyejifunza bila digrii anaingiaje? Na mwanachama akikataa kufanya kazi chafu, chama kitamtetea?

10/ Kama hilo la tatu halina jibu, basi hicho si chama. Ni geti na mtu wa kukusanya pesa mlangoni.