Bwana wa Ardhi katika Wimbo na katika Hati

Kwa muda wa karne tano Waskoti walimjua baba yake shujaa wao William Wallace kwa kuwa mshairi aliwatajia jina lake. Harry, aliyepewa lakabu ya Kipofu, alitunga utenzi katika miaka ya 1470, na ndani yake baba huyo ni Malcolm, mwenye milki ya Elderslie. Lakini Oktoba 1297 Wallace na mwenziwe Andrew Moray waliuandikia barua mji wa Lübeck, Ujerumani. Muhuri wa barua hiyo ulipochunguzwa upya mwishoni mwa karne ya 20, ulisomeka kuwa ni wa William mwana wa Alan. Naye Alan Wallace, mpangaji wa mfalme huko Ayrshire, yumo katika orodha ya 1296 ya watu walioapishwa kumtii Edward wa Kwanza wa Uingereza. Maneno machache katika nta yameutia shaka utenzi mrefu.

Mvutano huo baina ya wimbo na hati haukuwa wa Waskoti peke yao. Magharibi ya ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, waimbaji wa nanga wamehifadhi tendi za mashujaa na wafalme. Humo mtu mkubwa hutajwa kwa nasaba na ushujaa wake. Ardhi aliyoimiliki, na watu walioilima, ni habari nyingine. Nayo yataka kutafutwa kwingine.

Ardhi hiyo iliitwa nyarubanja. Mkama, yaani mfalme, alimpa jamaa au mtumishi wake mashamba ya migomba pamoja na watu waliokuwamo. Aliyepewa akawa mtwazi, bwana. Waliokuwamo, hata kama wazee wao ndio walioipanda migomba hiyo, wakawa watwarwa. Walitoa ndizi, pombe, nguo za magome ya miti na kazi ya mikono. Wengine walijitia wenyewe chini ya bwana, wakitafuta ulinzi. Hapakuwa na karatasi wala muhuri. Neno la Mkama na kumbukumbu za wazee ndizo zilizokuwa hati.

Karatasi ililetwa na ukoloni, na kahawa ikaipa makali. Ndizi huliwa zikaisha. Kahawa huuzwa, na fungu la bwana likageuka fedha. Jirani zao wa Buganda walikuwa na Mkataba wa 1900, uliowagawia machifu na wakubwa ardhi kwa maili za mraba, na majina yao yakaandikwa katika daftari la hatimiliki. Bwana wa Bukoba hakupata bahati hiyo. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika mikononi mwa Gavana, na mtwazi akabaki na haki ya mila, ambayo ilimpasa kuitetea barazani. Mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya, na nyarubanja ikapangwa kwa vifungu.

Bwana anayeonekana katika vifungu si yule wa nanga. Hapa huulizwa anadai nini, ana haki ya kumfukuza nani, na nani atamrithi. Na hapa ndipo mtwarwa anapojitokeza, kwa sababu shauri haliwi la mtu mmoja. Hata hivyo, baraza halikuandika habari za kila mtu: aliyelipa akanyamaza hakuacha alama. Watu wa mwambao wanalijua jambo hili. Hati ya wakfu humtaja mtoaji, mipaka ya shamba na watakaofaidi. Aliyepalilia chini ya minazi si lazima atajwe.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja. Ili kumwondoa bwana, sheria ilibidi kwanza ieleze bwana ni nani na mpangaji ni nani. Mtwazi akapata maelezo yake rasmi ya serikali huru siku ile ile alipohukumiwa kutoweka.

Upande wa pili wa mpaka, Burundi ilikuwa na ndugu wa nyarubanja, aitwaye ubugererwa, uliofutwa kwa sheria mwaka 1977. Baina ya nchi hizo mbili za mabwana na wapangaji iko Ngara, ambayo sehemu yake, Bugufi, ilikuwa ya ufalme wa Burundi kabla ya Waingereza kuitia Tanganyika. Katika wilaya hiyo ndipo ilipokuwa kambi ya Lukole, iliyowapokea Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993.

Wengi wao waliacha mashamba yaliyojulikana kwa ua, kwa makaburi na kwa kauli ya jirani. Mkataba wa Arusha wa 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake. Mwaka 2006 Burundi ikaunda tume ya kusikiliza mashauri ya ardhi. Mwaka 2008 Lukole ikafungwa. Aliyerejea alimkuta mtu mwingine shambani, naye ilimbidi athibitishe, kama mtwazi na mtwarwa wa zamani, kwamba pale palikuwa pake. Muhuri hakuwa nao. Alikuwa na jina la baba yake, na jirani aliyelikumbuka, ikiwa jirani huyo alikuwa hai na alikubali kusema.

Kwa hiyo jalada la shauri lastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoupa utenzi. Muhuri wa Lübeck ulimrudishia Wallace baba yake baada ya miaka mia saba. Mkulima aliyevuka mpaka kutoka Lukole hakuweza kungoja hivyo, kwa kuwa msimu wa kupanda haungoji.