Ving'amuzi viwili, tivii moja

Mitihani imekwisha na Tunguu pamepoa kweli kweli, basi nimepata nafasi ya kuandika.

Juzi mwenzetu mmoja alituletea habari ya kifaa cha kupikia cha Anova, unakitumbukiza kwenye sufuria ya maji na kukiendesha kwa simu. Agosti 2024 kampuni ikaanza kuwatoza watumiaji wapya wa programu yake ada ya kila mwezi, na Septemba 2025 vile vya zamani vikatolewa kabisa kwenye programu. Kifaa umekinunua, kiko jikoni kwako, halafu mtu aliye Marekani anakipunguzia kazi! Darasa zima wakacheka, eti mambo ya Wazungu. Mie sikucheka. Sisi yametukuta zamani.

Zanzibar ilianza televisheni 1973, tena ya rangi, Bara wakasubiri mpaka 1994. Miaka hiyo ukishanunua tivii na antena, basi, hakuna anayekufuata nyumbani. Adui yako upepo tu, mtoto anapanda juu kuizungusha antena huku nyinyi mnapiga kelele "hapo hapo!"

Mwaka 2006 nchi zikakubaliana Geneva kuhamia dijitali, mwisho 17 Juni 2015. Tanzania ikawahi: Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012, mikoa ikafuata. Tivii ya chogo iliyokuwa nzima jioni, usiku ikawa sanduku mpaka ununue king'amuzi. (Kenya ilikuwa balaa zaidi, Februari 2015 stesheni kubwa nne zilikaa kiza karibu wiki tatu.) Haya, tuseme hayo ni maendeleo.

Linaloniuma ni la Agosti 2018. Watu walikuwa wanalalamika kwamba kifurushi kikiisha, chaneli za ndani nazo zinaondoka, wakati hizo ni za bure. Jawabu la TCRA likawa kwamba leseni za DStv, Zuku na Azam ni za kulipia, haziwaruhusu kubeba chaneli za bure. Kwa hiyo ITV, Channel Ten na wenzao wakaondolewa, hata kwa aliyelipa! Wanaozitaka wakaambiwa waende kwenye ving'amuzi vyenye leseni ya kuzirusha, kama StarTimes na Ting. Kisheria Mamlaka walikuwa na hoja, sikatai. Lakini aliyekwishafunga dishi juu ya bati alirudishiwa nini?

Bibi yangu alikuwa na king'amuzi cha dishi, jina la kampuni nalihifadhi. Taarifa ya habari ya saa mbili ndiyo iliyomfanya akinunue. Asubuhi moja chaneli yake haipo, na kifurushi bado kina siku kumi na kitu. Akadhani kimeharibika, akamwita fundi, fundi akachukua pesa yake akaenda zake. Ikabidi anunue cha pili.

Mpaka leo viko viwili juu ya tivii moja, rimoti tatu mezani, na kila nikienda wikiendi swali ni lile lile: "Mjukuu wangu, ya habari ipi?"